Kabla ya Kusaga, Chambua: Namna ya Kupima Ubora wa Mahindi na Karanga



Mtazame mnunuzi wa mahindi sokoni uone namna anavyopima. Anachota kiganja kimoja juu ya gunia, anaangalia weupe na ukubwa wa punje, anauliza bei, kisha anauliza yametoka mkoa gani. Akiridhika na hayo basi, mahindi yanapimwa na kubebwa. Kwenye unga ni hivyo hivyo. Mama akisifia unga wa duka fulani, mara nyingi atakuambia ni mweupe "kama pamba".

Lakini katika vipimo vyote vya nafaka, weupe ndio dhaifu kuliko vyote. Haukuambii kama punje imekauka. Haukuambii kama ina sumu. Na kwa upande wa unga, kadiri unavyozidi kuwa mweupe ndivyo ulivyopunguziwa chakula chenyewe. Na mahindi si chakula cha mara moja kwa mwezi. Mtoto anaanzishiwa kwenye uji akitimiza miezi sita, na babu yake aliyebakiwa na meno mawili naye anakula ugali huo huo. Kitu kinacholiwa kila siku, hata kasoro yake ndogo hujikusanya mwilini ikawa kubwa.

Makala hii inaeleza namna mtu wa kawaida, asiye na maabara wala mashine, anavyoweza kupima mahindi na karanga anazonunua au anazovuna, na vilevile pale ambapo macho na mikono yake haviwezi kumsaidia.

UNYEVU NDIO WA KWANZA

Kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza nafaka kinajulikana na wengi. Alipita sokoni akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Akamkemea kwa kuificha iliyolowa chini badala ya kuiweka juu ambako watu wataiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Kisa hiki tumezoea kukisikia kwenye mada ya uaminifu katika biashara, na ndiyo mahali pake. Lakini mtaalamu wa nafaka akikisikia leo, jicho lake litaangukia pale pale mkono ulipoingia. Nafaka haipimwi juu ya gunia. Hupimwa katikati na chini.

Basi nawe ingiza mkono. Ukisikia ndani kuna joto au ubaridi wa majimaji, au punje zimeshikana mabonge, acha. Nusa. Mahindi mazuri hayana harufu kubwa. Yenye harufu ya uvundo, kama nguo iliyokunjwa mbichi, yamekwisha kuota kuvu hata kama kuvu wenyewe huwaoni. Ng'ata punje. Iliyokauka ni ngumu na hupasuka kwa mlio. Mbichi hubonyea kwenye jino.

Kiwango kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaani katika gunia la kilo 100, maji yasizidi kilo 13 na nusu. Yakizidi hapo, kuvu hupata makazi. Kipimo cha jino kinahitaji uzoefu, lakini kipo kingine chepesi ambacho mabwana shamba wamekuwa wakikifundisha vijijini, nacho ni cha chumvi.

Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Chukua chumvi ya kawaida, ianike juani au ikaange kidogo mpaka ikauke, kisha iache ipoe. Tia mahindi yafike theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja. Iache chupa itulie kwa dakika 15. Ukiona chumvi imeng'ang'ania kwenye kioo, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Yarudi juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika popote, yamekauka vya kutosha. Gharama ya kipimo hiki ni chumvi tu, nayo unaweza kuikausha ukaitumia tena kwa kazi hiyo hiyo.

Tukizungumzia kuanika: tabia ya kumwaga mahindi au karanga juu ya udongo mtupu ni mbaya. Kuvu tunaowazungumza hapa wanaishi kwenye udongo. Tandika turubai au mkeka, na jioni yakusanye na kuyafunika, kwa sababu umande unarudisha kile ulichokifanyia kazi mchana kutwa. Ghalani, gunia lisilale sakafuni wala lisiegemee ukuta. Weka mbao chini. Wenye uwezo wanunue ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Dumuzi na fukusi hufa ndani yake kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Lakini mfuko huo haukaushi. Ukitia mahindi mabichi, umeufungia unyevu ndani.

SUMUKUVU: KISICHOONEKANA

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Waliohangaika kutafuta sababu walidhani ni ugonjwa mpya wa ndege, mpaka ilipogundulika kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndani ya mashudu yale kulikuwa na sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya aspajilasi. Sumu hiyo ikaitwa aflatoksini, na sisi kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Huku kwetu haikuishia kwa ndege. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ikiwemo wilaya za Kondoa, Chemba na Kiteto, waliripotiwa wagonjwa 68 na vifo 20, na wengi wa walioathirika walikuwa watoto. Wala hayakuwa mahindi ya magendo wala msaada wa kutoka nje. Ni mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na wenyewe, yakavunwa na wenyewe, yakasagwa yakapikwa na mama mwenye mapenzi na wanawe.

Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Walio wengi zaidi ni wanaokula kidogo kidogo kwa miaka, wasijue. Sumukuvu ni miongoni mwa vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani ya ini kwa binadamu. Kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari hiyo huongezeka mara nyingi. Wapo wataalamu wanaoikadiria kufikia mara 30. Hii ni sababu mojawapo ya kutomkosesha mtoto chanjo zake kliniki, maana kinga ya homa ya ini aina ya B imo humo humo katika chanjo za utotoni. Vilevile utafiti umeihusisha sumu hii na kudumaa kwa watoto.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya nafaka. Ili uelewe udogo wake: ni kama gramu moja, ambayo haijai hata nusu kijiko cha chai, iliyotawanywa ndani ya magunia 1,000 ya kilo mia mia. Ulimi hauwezi kuionja. Macho hayawezi kuiona. Na moto wa jiko hauiondoi. Wengi hudhani ugali ukipikwa sana, au karanga zikikaangwa mpaka ziwe nyeusi, sumu inakufa. Sumu si mdudu hata ife. Kukaanga huipunguza kidogo tu, na sehemu kubwa hubaki.

Basi tufanyeje, kama haionekani? Jibu ni kwamba sumu haionekani, lakini punje inayoikaribisha mara nyingi inaonekana. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Hujaa katika punje chache mbovu. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani, la njano au jeusi kwenye kitako chake, hizo ndizo nyumba zake. Ukizitoa, umetoa sehemu kubwa ya sumu iliyokuwamo. Kwa hiyo kazi ile ya zamani ya bibi zetu, ya kukaa na ungo kivulini na kuchambua punje moja moja, ilikuwa dawa. Siku hizi gunia linatoka sokoni moja kwa moja hadi mashineni kwenye bodaboda, na hakuna aliyelifungua.

Chambua, pepeta, kisha osha. Unapoyatia mahindi kwenye maji, yale yanayoelea juu usiyarudishe. Ni mepesi kwa sababu ndani yameliwa au yameoza. Baada ya kuosha anika tena mpaka yakauke ndipo uyapeleke mashineni. Na uliza mashine imesaga nini kabla yako, maana mabaki ya mwenzio yanaanza kutoka kwenye ndoo yako.

DONA AU SEMBE?

Hapa pana ubishi wa siku nyingi, na wengi huutatua kwa sentensi moja: kula dona. Mimi naona jibu hilo halijakamilika.

Punje ya hindi ina sehemu tatu kubwa. Ganda la nje ni kama asilimia 5 ya uzito wake. Kiini, ile sehemu laini upande wa kitako ambayo ndiyo huota ukipanda, ni kama asilimia 11. Iliyobaki, zaidi ya asilimia 80, ni wanga mweupe. Sasa katika kile kiini kidogo, karibu theluthi moja ni mafuta, na protini yake inakaribia asilimia 18, wakati ule wanga una protini kama asilimia 8 na mafuta yasiyofika hata asilimia moja. Madini mengi na vitamini za kundi B vimo kwenye kiini na ganda. Mashine ya kukoboa inaondoa vitu hivyo viwili na kukuachia wanga. Pumba anapelekewa ng'ombe. Ukimwona ng'ombe wa jirani ananawiri na mtoto wa nyumba hiyo hiyo amepauka, usishangae sana. Mmoja anakula pumba, mwingine anakula weupe.

Kwa hiyo kwa upande wa lishe, dona imeshinda bila ubishi. Lakini kuvu naye anajua pa kula. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye kiini na ganda, pale pale kwenye uzuri. Ndiyo maana mahindi yakikobolewa sumu hupungua, ingawa haiishi. Maana yake ni kwamba dona inadai mahindi mazuri kuliko sembe inavyodai. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa ni chakula bora. Dona ya mahindi yaliyovunda ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayo hayo. Anayekuhimiza dona bila kukuhimiza kuchambua amekupa nusu ya nasaha.

Zaidi ya hayo, unga wa dona haukai. Yale mafuta ya kiini yakishasagwa huanza kuchacha, ndipo unga unapotoa uchungu na harufu. Saga kidogo kidogo, wa kutosha wiki mbili au tatu. Unga wa dona unaokaa dukani miezi mingi bila kubadilika ladha unapaswa kukutia shaka.

Na hata dona bora haijitoshelezi. Protini ya mahindi ina upungufu wa viambato viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, laisini na triptofani. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina laisini tele. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini waliweka sufuriani vitu viwili vinavyokamilishana.

KARANGA NA UJI WA LISHE

Karanga ni chakula kizuri mno, na ni miongoni mwa mazao yanayoongoza kwa kushikwa na sumukuvu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Uzuri wake ulionekana kwa njia ya kusikitisha mwaka 1990 katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi. Mgao wao ulikuwa ni mahindi na kidogo cha vitu vingine, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapatia niasini, yaani vitamini B3. Ugavi wa karanga ulipokatika, watu zaidi ya 17,000 walishikwa na ugonjwa wa pelagra, ambao ngozi hubabuka sehemu zinazopigwa na jua, mtu huharisha, na mwisho akili huchanganyikiwa. Niasini ya mahindi imefungika kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Zilipoondoka karanga, hakukuwa na kingine cha kuziba pengo.

Kwa hiyo sisemi tuache karanga. Nasema tusinunue zilizokwisha kusagwa, kwa sababu huwezi kuchambua unga. Muuzaji anayesaga karanga za kuuza kwenye vikopo anaweza kuwa mwaminifu, lakini karanga mbovu nazo mahali pake pa kujificha ni humo humo. Nunua karanga nzima, ikiwezekana na maganda yake, ubangue mwenyewe. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizochipua, na zenye madoa. Zikaange, sugua ngozi itoke, kisha zitazame mara ya pili, maana ngozi ile nyekundu inaficha mengi. Zilizogeuka kijivu au kahawia ndani zitoe. Ukitafuna ukakuta moja chungu, tema. Hakuna uchumi katika kuimeza.

Kuhusu uji wa mtoto, umeenea mtindo wa kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga, vyote vikasagwa pamoja na kuitwa unga wa lishe. Nia ni njema. Lakini kila nafaka uliyoongeza ni mlango mwingine wa sumukuvu, soya isiyokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumbo, na mafuta ya karanga huuharibu unga mapema. Wataalamu wengi wa lishe hapa nchini wanashauri njia nyepesi zaidi: nafaka moja iliyochambuliwa, na vingine viongezwe kwenye sufuria siku hiyo hiyo. Leo kijiko cha karanga ulizozisaga mwenyewe, kesho maziwa, keshokutwa dagaa waliosagwa au yai. Mtoto hahitaji nafaka sita kwa wakati mmoja. Na maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili.

RANGI INAYOSTAHILI KUANGALIWA

Nimeukosoa weupe, lakini ipo rangi yenye maana. Wazee wanaukumbuka unga wa njano wa miaka ile ya njaa, ambao watu waliubatiza jina la Yanga. Ulidharauliwa kwa kuwa ulikuwa wa msaada. Kumbe ile njano ni kiambato ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe karibu hayana kabisa. Habari ni ile ile kwa viazi vitamu. Kiazi cheupe kinashibisha, lakini kile chenye rangi ya chungwa ndani, kinachoitwa kiazi lishe, kipande cha gramu 125 kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A kwa siku nzima. Katika futari ya Ramadhani, ambamo viazi havikosekani, kubadilisha mbegu tu kunatosha.

MABAYA YAENDE WAPI?

Ukishachambua, utabaki na bakuli la punje mbovu. Desturi ni kuwamwagia kuku au kumpa ng'ombe. Usifanye hivyo. Kuku hudhoofika na kuacha kutaga, na ng'ombe anayekula sumukuvu huitoa kwenye maziwa, ukajikuta umeirudisha kwenye kikombe cha mtoto kwa njia ya mzunguko. Usipike pombe, hilo sina haja ya kulieleza hapa, na usiuze. Zifukie.

Na usimpe maskini. Nalisema hili kwa sababu kila mwisho wa Ramadhani huonekana madukani nafaka iliyotengwa kwa ajili ya zaka ya fitri, ya bei ya chini, ambayo muuzaji mwenyewe haipiki kwake. Pishi, yaani vibaba vinne, ni kama kilo mbili na nusu za chakula ambacho wewe na familia yako mnakila. Mpokeaji naye ana mtoto wa miezi minane anayesubiri uji.

IKITOKEA MTU KAUGUA

Dalili za kula sumukuvu nyingi ni kuumwa tumbo, kutapika, macho na ngozi kuwa njano, tumbo kujaa maji na miguu kuvimba. Jambo la kutilia shaka zaidi ni pale wanapougua wawili au watatu wa nyumba moja waliokula chungu kimoja. Usisubiri, na usiambiwe ni kurogwa. Mwahishe mgonjwa hospitali, kwani ini likishaharibika kwa kiasi kikubwa kazi inakuwa ngumu. Acheni mara moja kula unga huo, lakini msiutupe wote. Chukua kiasi, utie kwenye mfuko safi uliofungwa, mpeleke pamoja na mgonjwa na umweleze daktari mahindi yalipatikana wapi na lini. Maabara ndiyo yenye jibu la uhakika, na mfuko huo unaweza kuwaokoa majirani walionunua kwenye gunia lile lile.